Naombeni ushauri: nimwandikie jaji kwamba nataka aliyemuua kaka yangu ateseke?

Mfiwa: Wakuu, kaka yangu alipigwa hadi akafa kwa ugomvi wa deni. Aliyempiga ametiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, imebaki adhabu. Mwendesha mashtaka anataka maelezo ya familia. Mama anasema niandike tumesamehe. Mimi nataka aozee jela. Mdogo wangu anayesoma sheria ananiambia adhabu si kulipiza, ni kuzuia uhalifu na kumrekebisha mtu. Sasa kaka yangu yuko wapi kwenye hesabu hiyo?

Kinyonga: Pole sana. Jicho kwa jicho, mengine porojo.

Mwanagenzi: @Kinyonga, kwa sheria za Hammurabi, mfalme wa kale wa Babeli aliyefuata hilo jicho kwa jicho, nyumba ikiporomoka na kumuua mtoto wa mwenye nyumba, aliuawa mtoto wa fundi. Huyo mtoto alikosa nini?

Mzee wa Kizimbani: Pole mwanangu. Mdogo wako amekupa nusu ya somo. Hoja yake ya kuzuia uhalifu aliitetea Beccaria, mwanafikra wa Italia, tangu 1764, na ina uzito: mateso yasiyozuia lolote ni ukatili tu. Lakini ukiishika peke yake inakupoteza. Kama shabaha ni kutia watu hofu, mwizi wa simu si afungwe maisha? Hata asiye na hatia angefaa, mradi umma uamini ndiye. Kinachozuia hayo ni kanuni kwamba mtu aadhibiwe kwa alichotenda na kwa kadiri ya alichotenda. Mwanafalsafa Mjerumani Kant aliikazania: usimwadhibu mtu ili awe chombo cha kuwafaa wengine. Kwangu mimi malipizi yana nafasi mahakamani, lakini kipimo anashika jaji, si mfiwa. Kwa hiyo usimpangie miaka. Mweleze kaka yako alikuwa nani, nani walimtegemea, nyumbani kumebadilika nini. Hapo ndipo kaka yako anapoingia kwenye hesabu. Na msamaha wa mama ni wake, haukufungi wewe.

Kinyonga: Norway aliyeua watu 77 mwaka 2011 alipewa miaka 21. Hicho nacho kipimo?

Mzee wa Kizimbani: Kifungo hicho kinaweza kuongezwa akiendelea kuwa hatari. Ila hapo wanapima hatari, si stahili, na mimi pia hilo hunikera.

Mfiwa: Asanteni. Mama ataandika ya kwake. Ila kusoma maelezo yangu mahakamani mbele ya yule mtu sitaweza. Anaweza kunisomea mwingine?

Mwanagenzi: Mahakama nyingi zinaruhusu. Mpe mwendesha mashtaka nakala mapema, maana ukitia tuhuma ambazo hazikuthibitishwa kwenye kesi, wakili wa utetezi atazirukia.