Pochi ya bitcoin inamaliza bando, anwani zimejaa: naomba ushauri

Habari zenu wakuu.

Nina pochi ya bitcoin kwenye simu, ile aina inayoongea moja kwa moja na mtandao wa bitcoin bila kupitia seva ya kampuni. Naithamini kwa sababu hiyo hasa. Shida ni kwamba nikikaa wiki mbili bila kuifungua, siku nikiifungua inakula zaidi ya MB 200 kabla haijaonyesha salio. Bando la wiki linakwisha hivyo hivyo.

Nimepiga hesabu. Kichwa cha kila bloku (yaani muhtasari wa kila fungu la miamala, ambao pochi hupakua) ni baiti 80, na bloku hutoka takriban kila dakika 10, yaani 144 kwa siku. Vichwa vya mwaka mzima havifiki MB 5! Hizo nyingine zinatoka wapi?

Nashuku anwani za kupokelea pesa. Kila nikilipwa napewa mpya, sasa zimepita 300, na pochi inazifuatilia zote. Kuzifuta siwezi, maana kuna mteja bado anatuma kwenye anwani ya mwaka juzi, na pesa yake huingia vizuri tu.

Nimefikiria kufungua pochi mpya yenye maneno 12 mapya ya siri (yale ya kuirejesha pochi) na kuhamishia kila kitu huko. Lakini salio langu ni vipande vidogo vingi, na ada hupanda kwa kila kipande kinachoingizwa kwenye muamala.

Aliyewahi kuhama hivi, bando lilipungua kweli? Na ile pochi ya zamani uliifanyaje?