Saruji ipi iingie kwenye pingili iliyovunjika: ya plastiki au ya kalsiamu?

Mtoa mada

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wote. Naleta mezani jambo ambalo familia nyingi hukutana nalo ghafla. Mama wa miaka sabini na kitu kainua ndoo ya maji, mgongo ukalia, eksirei ikaonyesha pingili imebonyea. Daktari anaeleza kuwa anaweza kupitisha sindano nene mgongoni na kuijaza pingili saruji ya mifupa. Saruji hizo si moja, na mgonjwa ana haki ya kuuliza ni ipi.

Iliyozoeleka ni PMMA, plastiki ya jamii ya akriliki. John Charnley wa Uingereza aliitumia kushikiza nyonga bandia tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mgongoni iliingia mwaka 1984 kule Amiens, Ufaransa, Galibert na Deramond walipojaza pingili ya shingo iliyokuwa imeliwa na uvimbe wa mishipa ya damu. Ni imara sana ikikandamizwa, na inaganda kwa dakika chache. Lakini hutoa joto kali wakati wa kuganda, na haigeuki kuwa mfupa kamwe.

Ya pili ni kalsiamu fosfeti, iliyobuniwa na Brown na Chow huko Marekani miaka ya 1980. Haichomi, madini yake ni ya jamii ya mfupa wenyewe, na mwili huimeng'enya taratibu na kujenga mfupa mahali pake.

Msimamo wangu: kwa mzee mwenye mifupa dhaifu, PMMA. Kwa kijana aliyeanguka mnazi au aliyepata ajali ya bodaboda, plastiki isiwe jibu la kwanza. Nipingeni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, hapo kwa wazee nakataa. Kitu ambacho mwili wenyewe unaweza kukigeuza mfupa, unakiachaje unampa bibi plastiki ya kudumu? Tena PMMA ni ngumu kuliko mfupa laini wa ndani ya pingili. Uzito unahamia pingili ya jirani, nayo inavunjika. Unatibu moja unaharibu nyingine.

Mchangiaji wa 2

Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji, naongea ninachokiona. PMMA inakuja poda na kimiminika. Ukichanganya, harufu kali inajaa chumba kizima. Daktari haisukumi ikiwa majimaji, anasubiri ifike uzito wa dawa ya meno, kwa sababu ikiwa nyepesi inakimbilia kwenye mishipa ya damu na kufika mapafuni, au inavuja nyuma kwenye neva. Anasukuma kidogo kidogo, macho kwenye kioo cha eksirei. Imewekwa unga wa bariamu ili ionekane. Kipande kilichobaki tunakishika mkononi: kikipata moto na kuwa kigumu, tunajua na ya ndani inaelekea huko huko. Kwa hiyo, kaka, kabla ya kuuliza saruji gani, uliza kama kuna eksirei ya kuangalia moja kwa moja na ni nani anayesukuma.

Mtoa mada

Asante dada, hilo la eksirei lilipaswa kutangulia kwenye maelezo yangu.

Mchangiaji wa 1, hoja ya pingili ya jirani naijua, lakini mgonjwa huyo mifupa yake yote ni dhaifu. Pingili nyingine huvunjika hata kwa asiyewekewa saruji yoyote. Kuibebesha plastiki lawama yote si haki. Na kalsiamu fosfeti ina udhaifu wake: inavumilia kukandamizwa, lakini mgongo ukipinda au kujizungusha inapasuka, na damu inaweza kuisomba kabla haijaganda. Watafiti wa Ujerumani walizilinganisha hizi mbili kwa wazee waliovunjika pingili, wakatoa matokeo mwaka 2009. Ya kalsiamu ilishindwa kwa baadhi ya wagonjwa, na hawakushauri itumike kwa kawaida kwenye mivunjiko ya aina hiyo.

Tena kusema ni ya jamii ya mfupa kusitulaze. Kampuni ya Norian, tawi la Synthes huko Marekani, ilisukuma saruji yake ya kalsiamu fosfeti kwa mivunjiko ya mgongo bila idhini ya mamlaka ya dawa. Wagonjwa watatu walifariki mezani. Maabara zilikuwa zimeshaonyesha kwamba ikiingia kwenye damu inaweza kusababisha mabonge ya damu. Kampuni ilikiri kosa mwaka 2010, na mwaka uliofuata wakubwa wanne wakahukumiwa kifungo. Nikifikiria hao watatu walioingia wakiamini wanatengenezewa mgongo, nashindwa kuvumilia mtu anayeniambia ya kalsiamu haiwezi kudhuru.

Mchangiaji wa 3

Nyote mmeruka swali kubwa. Je, saruji yoyote inahitajika? Mwaka 2009 majaribio mawili, moja la Australia na jingine lililoongozwa kutoka Marekani, yaligawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Nusu wakapata PMMA, nusu wakachomwa ganzi tu na kufunguliwa kimiminika cha saruji ili ile harufu anayoisema dada nesi ijae chumbani. Maumivu yakapungua kwa pande zote mbili bila tofauti ya maana.

Mtoa mada

Umegusa penyewe. Ila Australia hiyo hiyo, mwaka 2016, jaribio la VAPOUR liliwachukua wenye mvunjiko wa chini ya wiki sita na maumivu makali, na waliopata saruji wakawa na nafuu zaidi. Waholanzi nao mwaka 2018 hawakuona tofauti. Kwa hiyo simpeleki mzee kwenye sindano wiki ya kwanza. Apewe dawa za maumivu, asaidiwe kutembea, aanzishiwe tiba ya mifupa dhaifu. Akibaki kitandani analia kila akigeuzwa, ndipo tuzungumze saruji, na hapo bado nasema PMMA.

La kijana wa mnazi hamjaligusa. Aliyewahi kuona kijana kama huyo akiwekewa skrubu za kushikilia mgongo pamoja na saruji ya kalsiamu, atuambie alivyoendelea.