Picha za harusi zimeungua: Lightroom, darktable au RawTherapee?

Lenzi_Tanga: Wakuu, nina picha 600 za harusi ya juzi. Shela la bibi harusi na kanzu ya bwana harusi zimeungua, nyeupe pee. Kwa kuzihariri, nilipie programu ya Lightroom kila mwezi, au nishushe darktable ama RawTherapee, ambazo ni za bure? Nataka kuamua leo.

Mama Kamera: La maana hujasema. Ulipiga RAW (data ghafi ya kamera) au JPEG (picha iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa)? Kamera gani? RAM kiasi gani?

Kivuli77: Lightroom, usihangaike. Shusha Highlights (sehemu angavu), pandisha Shadows (vivuli), nakili mipangilio hiyo kwa picha zote. Mteja hasubiri.

Fundi Mwanga: darktable ina moduli nzima ya kujenga upya sehemu zilizoungua. Kati ya rangi tatu za kamera, kijani ikijaa (ikifika kikomo) lakini nyekundu na bluu bado zina kitu, inakisia kutoka humo. Zikijaa zote tatu, nakshi za shela hazirudi kwa programu yoyote.

Lenzi_Tanga: Nikon D750. Ndani nilipiga RAW. Ufukweni kadi ilikaribia kujaa, nikahamia JPEG. RAM 4 GB.

Mama Kamera: Basi zilizoungua ni za ufukweni. JPEG ina ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi; RAW ya biti 14 ina 16,384. Mwaka jana nilipiga ndugu wawili Pangani, saa sita mchana, JPEG tupu. Nilipima mwanga usoni. Nyuso zilitoka safi, kanzu zikafa. Nilikesha nazo. Kila nikishusha mwanga, nyeupe inageuka kijivu cha saruji, uzi hauonekani hata mmoja, na tarizi ya shingoni aliyoitarizi mama yao kwa mkono haipo kabisa. Siku ya kukabidhi, mama alipitisha kidole pale shingoni, akanirudishia picha bila neno. Tangu siku hiyo sipigi JPEG peke yake.

Kivuli77: Kosa lilikuwa kupima usoni. Unapopiga, punguza mwanga stopu moja, yaani nusu; vivuli utaviinua baadaye.

Fundi Mwanga: Ukiviinua sana, ngozi nyeusi inajaa chembechembe na kupauka. Heri shela liungue kidogo kuliko uso.

Kivuli77: Yule mama hakutafuta uso, alitafuta tarizi.

Lenzi_Tanga: Nimeshusha RawTherapee, nasubiri ifungue faili la kwanza, laptopu imeganda. Nani anauza RAM ya GB 8, hata ya mtumba?

Fundi Mwanga: Laptopu aina gani? Nyingine RAM imechomelewa kwenye ubao, haibadilishwi.