Ripoti mbili, nyumba moja: nilalamike Bodi, kwa Mthamini Mkuu, benki au mahakamani?

MkaziWaGoba
Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba Goba, Dar es Salaam, vyumba vitatu, ukuta umezunguka, hati ninayo. Mwezi wa tatu nilimleta mthamini wangu mwenyewe, akaandika milioni 185. Nikaenda benki kuomba mkopo wa kuongeza mtaji wa duka, nao wakaleta mthamini wao. Ripoti yake: milioni 114. Nyumba ni ileile, hata rangi sijagusa, na miezi miwili haijaisha. Milioni 71 zimekwenda wapi?

Huyo wa benki nilikuwepo alipokuja. Dakika kumi, picha nne kwa simu, kijana wake akashika futi kamba upande mmoja, basi. Uani hakufika kabisa.

Nataka kumchukulia hatua. Nimesikia kuna Bodi ya Usajili wa Wathamini, kuna Mthamini Mkuu wa Serikali, kuna benki yenyewe na kuna mahakama. Kwa waliowahi kupita huko, wapi pana meno?

Dereva_wa_Noah
Meno yapo kwa dalali tu mkuu, mpe asilimia yake uone nyumba inavyopanda bei 😂

FutiKamba
Mleta mada, mimi ni mthamini, kwa hiyo nisome ukijua nina upande. Kabla hujachagua ofisi, jiulize unataka nini: mtu aadhibiwe au namba ibadilike? Hizo ni njia mbili tofauti na watu wengi wanazichanganya.

Bodi ni ya mtu. Imewekwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Inasajili, inasimamia maadili, na inaweza kumsimamisha au kumfuta mthamini kwenye daftari. Ukipeleka lalamiko kwamba mtu hakukagua nyumba, kapokea rushwa au anafanya kazi bila usajili, umefika mlango wake. Ila haitakuandikia kwamba nyumba yako ni 185.

Mthamini Mkuu yeye anaangalia kazi yenyewe. Ripoti inayopita kwake inaweza kurudishwa ikiwa hesabu haieleweki au bei za kulinganishia zimeokotwa mtaa mwingine.

Mahakama iweke mwisho kabisa. Itabidi utafute mthamini mwingine aje kumpinga mwenzake, na huyo naye anataka kulipwa.

Sasa nisaidie kitu kimoja. Fungua ukurasa wa muhtasari wa hiyo ripoti ya benki. Hiyo 114 imeandikwa thamani ya nini?

MkaziWaGoba
Dah. Kuna namba mbili. Thamani ya soko milioni 152. Thamani ya mauzo ya lazima milioni 114. Afisa mikopo alinitajia hiyo ya pili peke yake.

FutiKamba
Nilihisi. Umelinganisha embe na kokwa. Thamani ya mauzo ya lazima ni kile benki inachotegemea kupata ukishindwa kulipa, nyumba ikapigwa mnada haraka. Huyu amekata robo. Mzozo wako halisi ni 185 na 152, yaani milioni 33. Bado ni nyingi, lakini si wizi wa mchana.

Na hapo uani alipokataa kufika pana nini?

MkaziWaGoba
Vyumba viwili na choo, nimepangisha. Nimesoma ripoti nzima sasa hivi, havimo. Kaandika "nyumba moja ya kuishi".

FutiKamba
Basi hilo ndilo lalamiko lako, wala usiandike "bei ni ndogo". Bei ni maoni ya kitaalamu, atayatetea. Jengo lililoachwa halina utetezi. Iandikie benki barua, ambatisha picha za vile vyumba na mikataba ya wapangaji, omba ripoti irekebishwe. Mteja wake kisheria ni benki, hata kama ada imetoka mfukoni mwako. Hilo linawauma wengi lakini ndivyo lilivyo.

BintiMvita
Salamu kutoka Mombasa. Huku Kenya twaenda karibu hivyohivyo. Wathamini wana sheria yao, Sura ya 532, na Bodi yao ya usajili. Mawakala wa nyumba wana sheria nyingine, Sura ya 533, na bodi nyingine. Kisha pana chama cha wataalamu wa upimaji na uthamini, ISK (Institution of Surveyors of Kenya), chenye kanuni zake za maadili kwa wanachama wake.

Kwa mlalamikaji ni afueni na ni usumbufu. Mamangu alipolalamika kuhusu kiwanja Kisauni, miezi ya mwanzo iliishia kuulizana tu kama yule bwana alikuwa wakala au mthamini. Kwenye kadi yake aliandika vyote viwili. Kaka, angalia kwanza yuko kwenye orodha gani.

MbongoColumbus
Niko Ohio, nimenunua nyumba mwaka juzi. Marekani waliweka mfumo wa leseni baada ya vyama vya akiba na mikopo kuanguka miaka ya 80. Sheria yao ni ya 1989. Viwango vinaandikwa na taasisi binafsi, The Appraisal Foundation, lakini anayetoa leseni na kuadhibu ni jimbo. Tangu 2010 sheria inakataza mkopeshaji kumshinikiza mthamini alete namba fulani.

Nilichokipenda mimi ni hiki: nakala ya ripoti ni haki yako unapoomba mkopo wa nyumba, na mthamini lazima atunze jalada la kazi angalau miaka 5. Yaani bodi ikimwita, hawezi kusema karatasi zimeliwa na mchwa. Nyumba yangu ilipungua thamani kwa sababu alihesabu bafu moja badala ya mawili. Nikamwandikia mkopeshaji, ikarekebishwa. Sikuhitaji kumshtaki mtu.

MzeeKorosho
Ninyi mna bahati mnachagua benki. Sisi wa fidia, tunaochukuliwa ardhi, mthamini analetwa na mradi, unasimama shambani unahesabiwa mikorosho. Kwetu Bodi ni mbali, ila ile sheria ya 2016 ina kitu kizuri: fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, ikichelewa kuna riba, na miaka 2 ikipita bila malipo uthamini unarudiwa. Mimi nilidai marudio kwa kutumia tarehe tu. Sikubishana na mtu kuhusu bei ya mkorosho, ningeshindwa. Nakala ya fomu yenye saini yangu na tarehe ndiyo iliyonisaidia, na nusura mke wangu afungie maandazi.

FutiKamba
Mzee kaongea. Tarehe na karatasi.

Mleta mada, swali la mwisho, usinichukie. Ile ripoti ya 185, ina jina la mthamini aliyesajiliwa na namba yake ya usajili? Siulizi muhuri wa kampuni.

MkaziWaGoba
Ngoja niitafute.

MkaziWaGoba
Ina muhuri, una rangi mbili, umependeza sana. Saini ipo. Jina ni la kampuni. Namba ya usajili sioni. Kwenye bei za kulinganishia kaandika "maeneo ya Goba na Mbezi Beach".

Dereva_wa_Noah
Mbezi Beach tena! Kakuhamishia nyumba baharini bure 😂😂

FutiKamba
Kumbe wa kupelekwa Bodi huenda ni huyo uliyempenda. Kufanya uthamini bila usajili ni kosa. Mwombe namba yake kwanza, kisha uliza Bodi kama ipo kwenye daftari.

MkaziWaGoba
Barua ya benki nimeipeleka leo na picha sita, nimegongewa muhuri wa kupokelewa. Huyu wa 185 nilimpigia Jumanne, akasema namba yake ya usajili atanitumia kesho yake asubuhi. Leo Ijumaa.