Naomba ushauri: chembe sahani za damu ya kitovu kwa watoto njiti

Wakuu wa maabara na wodi za njiti, damu ya kitovu cha mtoto aliyetimiza miezi inakingwa kwenye mfuko wenye CPD (dawa ya kuzuia damu isigande). Inazungushwa taratibu, mara 200 ya uvutano wa dunia kwa dakika 10; plazma yenye chembe sahani (platelets, zinazosaidia damu kuganda) inahamishwa, kisha mara 2000 kwa dakika 15. Plazma ya juu ikiondolewa, chembe zinabaki kama mililita 10, dozi moja ya njiti wa kilo 1.

Mkunga akichelewa kuchoma mshipa wa kitovu, au mfuko usipotikiswa tangu tone la kwanza, mfuko unajaa vibonge vya damu iliyoganda. Hilo linazoeleka. Linaloumiza kichwa ni vijidudu: chembe zinatunzwa nyuzi 20–24, joto ambalo bakteria wanalipenda, na chupa ya kuotesha bakteria ya watu wazima inataka mililita 8–10. Kipimo kinameza dozi nzima!

Mnaotesha kwa chupa ya watoto, au mnatumia plazma iliyobaki mzunguko wa pili? Na mfuko gani unapitisha hewa vizuri kwa ujazo huo mdogo?

Kiwango cha kuongezea chembe si swali: tunabaki na 25 (yaani chembe 25,000 kwa mikrolita ya damu), maana PlaNeT-2 (2019), utafiti wa watoto njiti, ilionyesha kuwahi kwenye 50 kunaongeza vifo au kuvuja damu kukubwa.