Mama wa miaka 79: apumzike, au afanye mazoezi ya nguvu?

Binti wa Makorora, Tanga

Asalaam aleikum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Naomba ushauri kuhusu mama yangu, mwenye umri wa miaka 79. Tangu mfungo wa mwaka jana amekonda bila kukusudia, magauni yanampwaya, na mwendo wa kutoka chumbani hadi uani sasa anaukamilisha kwa kushikilia ukuta. Kilichonishtua zaidi ni sala: akishasujudu hawezi kuinuka mpaka ashike mguu wa kitanda, na wiki mbili hizi ameanza kusali akiwa amekaa kitini. Kaka zangu wameamua apumzike kabisa. Wamemtafutia msichana wa kazi, wamemwondolea ufagio na mbuzi ya nazi, na kila jioni analetewa supu ya makongoro. Nilipompeleka zahanati niliambiwa kuwa ni uzee tu. Nimesikia kwamba wazee dhaifu huweza kunyanyua uzito wakapata nguvu. Je, ni kweli, au nitamuumiza mama yangu?

Mtaalamu wa Viungo, Ngamiani

Wa aleikum salaam, dada. Pole kwa kuuguza. Jambo hili lina jina na lina vipimo. Si "uzee tu". Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake huko Marekani walitaja dalili tano za udhaifu wa uzeeni: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka kupita kiasi, kiganja kukosa nguvu ya kubana, mwendo kuwa wa polepole, na kupungua kwa shughuli za mwili. Mwenye tatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu. Kwa maelezo yako ya kwanza na ya nne zinaonekana waziwazi, na ile ya tano, naomba uniwie radhi, kaka zako wanaisaidia kuja.

Kuhusu kunyanyua uzito, jibu ni ndiyo. Utafiti wa Maria Fiatarone na wenzake, uliochapishwa mwaka 1994, uliwahusisha wazee 100 wa makao ya wazee mjini Boston, wenye wastani wa umri wa miaka 87. Kwa wiki 10, siku tatu kila wiki, baadhi yao walifanya mazoezi mazito ya nyonga na magoti. Nguvu za misuli yao ziliongezeka kwa asilimia 113, ilhali kwa wasiofanya ziliongezeka kwa asilimia 3. Na hapa naomba kaka zako wasome taratibu: wapo waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi, na kinywaji hicho peke yake hakikuwapunguzia udhaifu. Supu ni njema, mama anahitaji protini, lakini msuli usiopewa kazi haujengwi na supu.

Kabla ya yote, arudishwe hospitali achunguzwe sababu ya kukonda, yaani kisukari, kifua kikuu, meno, hata huzuni, na apimwe shinikizo la damu.

Mjukuu wa Pangani

Namheshimu mtaalamu, lakini wazee wa Boston walikuwa na mashine na wasimamizi. Sisi tuna uani na viti vya plastiki. Tena bibi yangu alihimizwa kutembea kila asubuhi, akaanguka.

Mtaalamu wa Viungo, Ngamiani

Pole sana, ndugu yangu, na hoja yako ni ya haki. Kutembea peke yake hakutoshi kwa mtu ambaye miguu haimbebi. Nguvu na mizani ya mwili, yaani kusimama bila kuyumba, hutangulia au huenda pamoja nako. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliyojumlisha majaribio 108, yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23, hasa yale ya mizani na ya kuinuka na kukaa. Nisiahidi muujiza, hata hivyo. Katika LIFE, utafiti wa Marekani wa mazoezi ya wazee uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia watu 1,635 wenye umri wa miaka 70 hadi 89 kwa wastani wa miaka 2.6, asilimia 30.1 ya waliofanya mazoezi walishindwa kutembea mita 400, dhidi ya asilimia 35.5 ya waliopewa mafunzo ya afya tu. Tofauti si kubwa, lakini kwa aliyeokolewa ni kwenda chooni bila kushikwa mkono.

Wale wa LIFE walitumia uzito wa kufunga vifundoni, na huo unashonwa nyumbani: mfuko wa kitambaa wenye nusu kilo ya mchanga, uliopimwa kwenye mizani ya dukani. Mama aanze kwa kuinuka kitini na kukaa, mara tano, apumzike, arudie, nawe ukiwa kando yake. Ikiwa rahisi, ongeza. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache.

Binti wa Makorora, Tanga

Ahsanteni sana. Kaka mkubwa amesoma, amekubali, na kesho tunampeleka mama hospitali. Kiti tumechagua cha mninga, cha marehemu baba, kwa sababu hakitelezi, tumekiegemeza ukutani. Leo ameinuka mara tatu, ya nne akashika bega langu, kisha akaulizia mbuzi yake ya nazi. Nimemrudishia.