Ushauri: IST nyeusi imebabuka rangi kwenye paa, nipige polishi au nipulize upya?

MwanaShangani

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa rangi za magari, hasa mlioko huku kusini maana hali yetu mnaijua.

Nina Toyota IST nyeusi, toleo la kwanza. Naishi Shangani hapa Mtwara, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja uani, na gari linalala nje kwa sababu sina kibanda. Nafanya kazi ya korosho, kwa hiyo msimu ukifunguka njia yangu ni Tandahimba na Newala, vumbi tupu. Miezi ya kupulizia dawa linarudi nyumbani na unga wa salfa mpaka kwenye mipira ya vioo.

Hali ya rangi ni hii. Milango bado ni myeusi, lakini jua likiipiga inaonyesha mikwaruzo midogo ya mviringo kila mahali. Boneti imefifia, ukisogeza uso karibu huoni kitu. Paa ndilo linaloninyima usingizi: lina mabaka meupe, kingo zake zimenyanyuka, na ukipitisha ukucha kinatoka kigamba chembamba kinachopitisha mwanga. Kwenye mlango wa buti kuna alama ya jiwe iliyoanza kufanya kutu.

Kijana anayeniosheaga gari anasema nimpe nafasi apige polishi, litarudi kama lilivyotoka bandarini. Fundi rangi mmoja hapa mjini anasema hakuna cha polishi, tupulize gari zima. Bei za hao wawili zimepishana mbali sana. Injini ni nzima, gia ni nzima, sina mpango wa kuliuza. Nianzie wapi? Naomba kuwasilisha.

DerevaKusini

Mkuu usisumbuke na mafundi. Osha gari likauke, chukua kitambaa, lowesha dizeli kidogo, pitisha gari zima jioni. Asubuhi linawaka. Sisi wa malori tunafanya hivyo miaka yote.

BiMikindani

Kaka Dereva, kwa heshima zote, hapo sikubaliani na wewe. Kinachong'aa ni mafuta, rangi iko vilevile chini yake. Mafuta yale yanakamata vumbi, na akienda Newala na kurudi atakuwa na mchanga ulioganda mwili mzima. Atakayekuja kulifuta atausugua mchanga ule kwenye rangi. Tena dizeli inavimbisha mipira ya milango na vioo. Mafuta ya taa nayaelewa kwenye kitone cha lami tu: kidogo kwenye pamba, lami ikilegea unaosha palepale kwa sabuni.

Mwenye uzi, kabla hujatoa pesa kwa yeyote, unaliosha na nini? Kama ni sabuni ya unga ya kufulia na sponji lile lile linalosugua na tairi, mikwaruzo ya milangoni imetokea hapo.

MwanaShangani

Dada, ni sabuni ya unga, ndiyo wanayotumia pale. Na kitambaa ni kimoja kwa gari zima.

FundiRangi_Masasi

Mkuu, niko kwenye kazi hii siku zote, ngoja nikueleze taratibu, maana kijana wako wa kuosha na yule fundi wa mjini kila mmoja ana ukweli kwa sehemu ya gari, si kwa gari zima.

Gari kama lako halina rangi moja. Juu ya bati kuna praima, ile rangi ya msingi ya kushikia, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile safu isiyo na rangi inayotoa mng'ao. Klia ndiyo yenye dawa ya kuzuia mionzi ya jua. Zote kwa pamoja, kutoka kiwandani, mara nyingi ni mikroni 100 hadi 150, na klia yenyewe ni 40 au 50 hivi. Milimita moja ina mikroni 1,000, sasa piga hesabu mwenyewe uone unacheza na kitu chembamba kiasi gani. Polishi ya kukata, ile ya kompaundi, haiongezi kitu. Inapunguza klia kidogo mpaka ifike chini ya mkwaruzo. Kwa hiyo swali la kwanza si polishi au kupuliza, ni klia bado ipo au imekwisha, na jibu lake unalipata kwa kila kipande peke yake.

Fanya hivi kesho asubuhi kabla jua halijachoma. Mwagia maji boneti. Ikiwa nyeusi na kung'aa ikiwa imelowa, halafu ikafifia tena ikikauka, ugonjwa uko juu ya klia na polishi itaitibu. Kisha chukua kitambaa cheupe, weka kompaundi kidogo, sugua sehemu ndogo karibu na kona ya kioo. Kitambaa kikitoka na uchafu wa kijivu, klia ipo. Kikitoka cheusi tii, unasugua rangi yenyewe, acha.

Paa halihitaji kipimo. Klia ikishanyanyuka kingo, hakuna polishi duniani itakayoirudisha, na mashine ikipita pale itaichana zaidi. Jua la huku linaanza na sehemu zinazolitazama: paa, boneti, juu ya buti. Ndiyo maana milango yako bado.

Halafu fungua mlango wa dereva au boneti utafute kibati cha Toyota. Pameandikwa C/TR, na mbele yake namba ya rangi. Nambie ni 202 au 209. Zote ni nyeusi, lakini 209 ina chembe za maika zinazometa juani na 202 haina. Fundi akikupigia 202 kwenye gari la 209, kivulini hutaona tofauti. Toka nayo barabarani saa sita mchana ndipo utaiona.

MkulimaTandahimba

Niongezee la salfa, maana kwetu gari lote huwa la njano kuanzia mwezi wa tano. Kosa kubwa ni kuipangusa kavu kwa kitambaa au fagio. Ule unga umechanganyika na mchanga wa njiani. Mwaga maji mengi kwanza, kutoka juu kwenda chini, ishuke yenyewe, ndipo uguse.

Na usiegeshe chini ya mkorosho wenye matunda. Bibo likipasuka juu ya boneti na juisi yake ikakaukia juani, doa lake linang'ang'ania. Kinyesi cha kunguru ni hivyo hivyo, jua likikipata kinakula klia na kuacha alama yenye kingo. Mimi natembea na chupa ya maji na kitambaa ndani ya gari. Nalowesha, nasubiri kilainike, nakinyanyua. Sikwangui.

MwanaShangani

Nashukuru sana wakuu. Nimefanya vipimo asubuhi.

Boneti ikilowa inakuwa nyeusi kabisa na naona mwembe wa jirani ndani yake. Ikikauka inarudi kufifia. Kitambaa kimetoka kijivu. Milango hivyo hivyo. Paa hata likilowa mabaka yanaonekana. Kibati kinasema 209.

Kwa hiyo fundi wa kupuliza gari zima alitaka kunifanyia kazi nisiyoihitaji?

FundiRangi_Masasi

Sitamsema vibaya mwenzangu nisiyemjua. Mafundi wengi wanapenda gari zima kwa sababu hakuna kulinganisha rangi mpya na ya zamani. Lakini kwa hali uliyoieleza, mimi nisingegusa milango yako kwa bunduki ya rangi. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye tanuru kwa joto la karibu nyuzi 140, gari likiwa bati tupu, halina plastiki wala nyaya. Hakuna gereji inayoweza kurudia hilo, hata ya Dar. Rangi ya kiwanda ikiwa nzima, itunze.

Kazi yako naigawa hivi: boneti na milango polishi, paa kupuliza, alama ya buti kutibu kutu.

Paa lako lina bahati moja. Kuna ile mipira miwili mirefu myeusi, mmoja kila upande, kutoka kioo cha mbele mpaka nyuma. Chini yake ndipo bati la paa linapoungana na bati la ubavuni. Mwambie fundi aivue, asiizungushie gundi ya karatasi, ile tepu ya kuzibia. Akipuliza mpaka ndani ya mfereji ule na kurudisha mpira, mwisho wa rangi mpya unafichwa na hakuna jicho litakaloona imeanzia wapi. Fundi akiipulizia hapohapo bila kuivua, rangi itaanza kunyanyuka kwenye ukingo wa mpira.

Klia ya zamani lazima iondoke yote kwa msasa, paa zima. Usikubali apige klia mpya juu ya mabaka tu. Zile kingo zitaonekana chini yake, na ya zamani iliyolegea itainuka pamoja na mpya. Asawazishe, apige praima palipofika bati, msasa wa maji wa 800, rangi, halafu klia ya 2K, ile inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha. Muombe umuone akichanganya. Kopo limeandikwa kipimo, mbili kwa moja au nne kwa moja, na kinapaswa kufuatwa kwa kikombe cha kupimia, si kwa macho. Klia ya kumwagia thina tu ni rahisi, inang'aa siku ya kwanza, lakini haitalihimili jua la Mtwara.

Muda nao ni muhimu. Gereji zetu ziko wazi, na kusi ikivuma inaleta mchanga kwenye klia mbichi. Apulize asubuhi mapema, sakafu imemwagiwa maji. Masika unyevu ukiwa mwingi bora usubiri.

Na mwambie kama gari limewahi kupakwa vile ving'arishi vya chupa vyenye silikoni. Visiposafishwa kwa dawa ya kuondoa mafuta kabla ya msasa, rangi mpya inakimbia na kuacha vishimo vya duara.

Jambo jingine ambalo nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona wenzangu wakikohoa mpaka kuacha kazi: hadina ya 2K ina kemikali iitwayo isosayaneti, inaharibu mapafu. Kitambaa puani hakizuii. Ukimkuta fundi anapuliza bila barakoa ya maana na watoto wanacheza pembeni, sema naye, na wewe mwenyewe kaa mbali.

KijanaWaChikongola

Kuhusu polishi, mkuu usimpe mtu mwenye mashine ya kuzunguka kwa kasi bila kumuona akifanya gari jingine. Ile mashine ikikaa sehemu moja inachoma klia, hasa kwenye kona na mistari ya mwili ambako rangi ni nyembamba, na kwenye bampa maana plastiki inapata joto upesi. Mashine inayozunguka huku inatikisika ni salama zaidi kwa anayejifunza. Abandike gundi ya karatasi kwenye kona zote kwanza, aanze na kompaundi laini, na apige kipande kidogo cha mlango mkione pamoja. Kisha akifute kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Mikwaruzo ikirudi baada ya kufuta, alikuwa anaijaza mafuta.

BiMikindani

Kabla ya hiyo polishi, pitisha kiganja kwenye boneti iliyooshwa, ndani ya mfuko wa nailoni. Ukisikia chengachenga, kuna vumbi la chuma na chumvi vilivyojikita. Vitolewe kwa ule udongo maalumu wa kusafishia rangi pamoja na maji ya sabuni, la sivyo mashine itavizungusha kwenye klia.

Na maji. Visima vingi vya pwani maji yake yana chumvi. Ukiosha na kuacha likauke juani unabaki na vidoa vyeupe. Likaushe kwa maikrofaiba papo hapo. Vidoa vya zamani futa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha suuza. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya kusuuzia kitambaa. Tairi ziwe na kitambaa chake. Usisahau chini ya gari na ndani ya matao ya matairi, chumvi inakaa huko.

MwanaShangani

Nimeelewa vizuri kabisa. Nitaanza na kutu ya buti wiki hii kwa sababu nimeona haisubiri, kisha paa kabla ya msimu. Swali la mwisho kwa fundi: kutu naitibuje, na waksi napaka lini?

FundiRangi_Masasi

Kutu: kwangua mpaka uone bati jeupe, usiache hata punje ya kahawia, maana hewa ya bahari itaifufua chini ya rangi. Futa kwa spiriti, gusa praima ya epoksi kwa brashi ndogo, iache ikauke, kisha 209 nyembamba mara kadhaa, mwisho klia. Doa dogo kama lako halihitaji kompresa.

Waksi kwenye boneti na milango ni siku ile ile ya polishi, kivulini, bati likiwa la baridi. Rudia kila baada ya wiki sita hivi kwa jua letu. Paa jipya usilipake kwa mwezi mmoja hadi miwili, klia inatoa thina iliyobaki. Wiki ya kwanza lioshe kwa maji matupu. Na ukienda kununua rangi, nenda na picha ya kile kibati, si jina la rangi kichwani.